Hakuna Kiatu Kidogo

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameanza. Nyumba yetu ni ya bati tupu, ya duara, kama zote za upande huu wa kambi ya polisi, na mvua ikiipiga hatusikiani. Baba aliingia amelowa, akavua kofia, akasema jambo, tukaona midomo tu. Ilibidi apaze sauti: "Wanaandikisha polisi! Mwezi wa tano! Amony, wanaandikisha!"

Mama alipiga kigelegele. Mimi nilitabasamu nikainama, kama kawaida yangu.

Nilimaliza shule Desemba. Sijui kusema mbele ya watu. Mwalimu akiniuliza swali, jasho lilinitoka kabla ya jibu. Lakini tangu utotoni nimewatazama askari wa kike wakipita kwenye paredi. Hakuna anayewalazimisha waongee, na kila mtu huwapisha njia. Nataka kuwa vile. Sijawahi kutaka kitu kingine. Baba anastaafu Agosti na anasema akivua yeye gwanda, nivae mimi.

Jumatano, 5 Machi

Sajini Oyet, rafiki wa baba, alikuja kunywa chai. Yeye hufundisha makuruta.

"Mwaka huu iko daktari," alisema. "Anasimamisha mutu miguu mitupu, anaangalia vidole. Mwaka jana makuruta wengi waliharibika miguu mbele ya mafunzo kuisha."

Baba alicheka. "Huyu wangu hajakanyaga chini hata siku moja. Amony, toa viatu, mjomba wako aone."

Nilisema maji yanachemka nje, nikatoka. Hayakuwa yanachemka.

Nyuma ya nyumba nilivua soksi nikaitazama miguu yangu kama ya mtu mwingine. Kidole gumba kimelala kuelekea wenzake. Cha pili kimempanda mgongoni. Cha mwisho kimejificha chini ya jirani yake. Pembeni, palipo na shina la kidole gumba, kuna kinundu kigumu chekundu. Nikikimbia kinawaka mpaka usiku.

Si siri kilitoka wapi. Kwetu Jumapili jioni kuna paredi ya viatu. Tunavipanga mlangoni, baba anapita na kitambaa cheupe. Na kiatu kipya cha shule, cha ngozi ngumu kilichochongoka mbele, hakijaribiwi dukani. Baba hukilowesha kwenye beseni, unakivaa kikiwa maji, unapiga kwata ndani ya nyumba mpaka kikaukie mguuni. Ndivyo alivyofundishwa depo ya makuruta, mtunza stoo alipomrushia buti. Ukisema kinabana anajibu, "Hakuna kiatu kidogo. Kuna mguu mvivu."

Akina baba wengi wa hapa hufanya hivyo. Na mimi nilikuwa najivuna. Shule nzima hakuna aliyekuwa na viatu vinavyong'aa kama vyangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda mtaa wa Bukoto kwa dada Moreen, mtoto wa mama mkubwa, Mjaluo wa Siaya kama mama yangu. Anafanya kazi kliniki. Waliovunjika anawafundisha kutembea upya. Nilizunguka nje muda mrefu kabla ya kubisha.

Hakunicheka. Alinisimamisha juu ya kipande cha katoni, akauchora mguu wangu kwa kuuzungushia kalamu, kisha akaweka kiatu changu juu ya mchoro. Mguu ulitokeza huku na huku, kama ugali wa posho uliofurika sufuria.

"Haya, binti Ogwang. Hii nyama iliyobaki nje ilikuwa inaenda wapi kila asubuhi?"

Nilikitazama kiatu.

"Ilikuwa inakunjwa. Miaka yote. Ukiifunga mkono wako hivyo, utashika kikombe?"

Alikata sponji ya godoro vipande vidogo, akanipachika katikati ya vidole. Niliumia, halafu nikasikia raha ya ajabu, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akanifundisha: kuvitandaza vidole kama vya mkono, kunyanyua kidole gumba peke yake vingine vikitulia, kisha kinyume chake, kuufupisha unyayo ili upinde wake uamke, bila kukunja vidole, kusimama kwa mguu mmoja huku napiga mswaki. Na kutembea peku kwenye nyasi, kidogo kidogo.

"Misuli itarudi," alisema. "Mfupa, sikudanganyi, utasogea kidogo tu. Na usiwe na pupa. Ukianza kukimbia peku kesho, utakuja hapa kwa magongo."

Jumapili, 9 Machi

Nimekiamuru kidole gumba kinyanyuke. Hakikusikia. Nimekaa nacho nusu saa, nikikitazama tu.

Jumatano, 12 Machi

Bado.

Jumatatu, 17 Machi

Matokeo ya mtihani yametoka karibuni. Nimefaulu, si sana. Kidole gumba cha kulia kimetikisika leo. Nimefurahi zaidi kwa hilo.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua ilikata asubuhi, nyasi zikawa laini. Nilitembea peku nyuma ya nyumba, karibu na bomba la maji. Wanawake walikuwa wamepanga madumu.

"Amony! Viatu umeweka rehani?" Huyo alikuwa Atoo, mke wa Sajini Oyet.

"Mwache, ameokoka," mwingine akasema. "Yuko mlima Sinai, ameambiwa avue."

Walicheka mpaka dumu likafurika. Niliendelea kutembea, masikio yanawaka. Nilijiambia kwamba kuchekwa hakuvunji mfupa. Kisha nikasikia buti nyuma yangu.

"Wewe. Viatu iko wapi?"

"Ni mazoezi, baba." Sauti yangu haikufika hata kwangu mwenyewe.

"Mazoezi ya nini? Ya umasikini?" Wanawake waligeukia madumu yao. "Mimi navalisha nyinyi miaka yote, leo watu waseme Ogwang ameshindwa? Ingia ndani!"

Aliingia nyuma yangu. Aliviona vipande vya sponji juu ya kitanda, akavitupa kwenye jiko la makaa. Vilinuka vibaya. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

Jumamosi, 22 Machi

Mama amenipa kipande kingine cha sponji, amekikata kwenye mto wake mwenyewe. "Baba yako akiwa zamu, mimi sioni kitu," alisema. Nampenda mama kuliko watu wote.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Mazoezi ndani.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Paredi ya viatu. Baba alisema vyangu vina vumbi, na ni kweli, sikuvivaa wiki nzima.

Jumatano, 9 Aprili

Kidole gumba cha kulia sasa kinanyanyuka peke yake. Cha kushoto kinataka kampani. Naweza kusimama kwa mguu mmoja mpaka nimalize meno yote na ulimi. Kinundu hakijapungua, lakini hakiwaki tena usiku. Dada Moreen amepasua mbele ya raba zangu za zamani kwa wembe, vidole vimepata uwanja. Nimekimbia kuzunguka uwanja wa kambi kabla baba hajarudi. Nyayo zangu zilikuwa zinaishika ardhi. Sijui kulieleza vizuri zaidi.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Baba ana malaria. Alitetemeka tangu juzi, leo homa ikashuka, akalala kama gogo. Mama alikuwa kanisani. Nilileta beseni nimkande kwa maji ya uvuguvugu, uso, mikono, kisha nikamvua soksi.

Nilikuwa sijawahi kuona miguu ya baba. Analala na soksi. Tumezoea, kama wengine wanavyozoea baba anayekoroma.

Ni miguu yangu. Kidole gumba kimelala, cha pili kimepanda, kinundu kikubwa kuliko changu mara nyingi, kimekuwa rangi ya zambarau. Kucha mbili hazipo. Kidole cha mwisho hata hakionekani, kimemezwa.

Aliamka akanikuta nimekishika kisigino chake. Nilidhani atafoka. Alitazama bati la juu.

"Shule yote nilienda miguu chini," alisema polepole. "Kule Otuke. Umande wa asubuhi unakata kama kisu. Watoto wa mwalimu wanavaa viatu, sisi wanatuita vidole vya bata. Siku ya kuandikwa ndiyo siku ya kwanza mimi kuvaa kiatu. Buti ilikuwa ndogo."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesema wangenirudisha nyumbani."

Kisha akaomba soksi zake.

Nimelia nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeanza kumchukia na sasa siwezi. Kila aliponiloweshea kile kiatu alikuwa ananipa kitu alichokosa, kitu kizuri kuliko vyote alivyovijua. Lakini alikuwa anajua pia kinavyouma. Haya mawili nimejaribu kuyaweka pamoja jioni yote na hayakai.

Jumanne, 22 Aprili

Baba amerudi kazini. Ameniona nikitembea peku. Amepita kama hajaniona.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua kubwa, choo cha mstari wetu kimefurika. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 10 Mei

Dada Moreen amenipima. Vidole vinatandaa. Cha pili kimeshuka kutoka mgongoni mwa mwenzake, kikitaka. Unyayo una upinde. Kinundu kipo.

"Wakikuuliza," alisema, "sema ukweli. Sema ni viatu, na kwamba unajirekebisha. Daktari yeyote atayaona mabadiliko. Utaweza kusema?"

Nilisema nitaweza. Tulifanya mazoezi ya hilo nalo. Yeye daktari, mimi mimi. Mara zote nilianza vizuri, nikaishia kutazama sakafu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimechoka lakini lazima niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Tulikusanyika uwanjani alfajiri, wasichana kwa wavulana, tope hadi vifundoni. Baba alikuwa zamu hapo hapo, amepangwa kusimama kwenye hema la daktari kuongoza foleni. Alikuwa amepiga pasi gwanda mpaka mikunjo ikawa kama wembe. Alimwambia kila aliyepita, "Huyu yuko mutoto wangu huyu."

Kwanza mbio. Nilikimbia na raba zangu zilizopasuliwa. Kuna msichana alininong'onea, "Dada, viatu vyako vinacheka." Tope lilipoanza kuwaangusha wenzangu, mimi vidole vyangu vilichimba vikashika, na kila hatua ilinisukuma mbele. Nilikuwa wa tatu kwa wasichana. Sajini Oyet alipiga mluzi. "Ogwang! Umezaa swala!" Nilimwona baba kwa mbali akiweka mkono kifuani, akauondoa haraka watu wasimwone.

Laiti siku ingeishia hapo.

Ndani ya hema kulikuwa na ubao mweupe chini na daktari mwanamke, Daktari Kulusum, mtu mzima, mtandio umefungwa nyuma, Kiswahili chake kimenyooka. Nilipanda ubao. Alichuchumaa, akashika kidole gumba changu, akakizungusha, akabonyeza kinundu.

"Tandaza vidole."

Nilitandaza.

"Nyanyua hiki tu."

Nilinyanyua.

"Ajabu," alisema. "Misuli mizuri, mifupa imepinda. Hii ni ya kuzaliwa nayo, au ni ya viatu?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa tayari kinywani kama tonge. Nilitazama ubao, nikatazama tope lililotoka miguuni mwangu, nikavuta pumzi, na daktari akasubiri, kweli alisubiri. Mlangoni vichwa vya foleni vilikuwa vimejaa.

"Ya kuzaliwa, afande," baba akasema nyuma yangu.

Daktari aligeuka. "Wewe ni nani wake?"

"Baba yake, afande." Akapiga saluti. "Iko kwa upande wa mama yake. Sisi mutoto tumevalisha vizuri tangu mudogo. Hakuna siku alitembea miguu chini."

"Binti, ni kweli?"

Sikusema ndiyo. Nataka iandikwe hapa kwamba sikusema ndiyo. Lakini sikusema chochote kingine.

Daktari Kulusum alisimama akipangusa mikono. "Pole. Ingekuwa ya viatu ningekwambia endelea unavyofanya, urudi mwaka ujao tukutazame tena. Ya kuzaliwa hairudiwi. Buti za mafunzo zitakumaliza." Akaita anayefuata.

Nilimtazama baba. Alikuwa amesikia. Mkono wake ulikuwa bado uko nusu, katikati ya saluti na paja.

Jumanne, 20 Mei

Mama aliambiwa na Atoo bombani. Alikuja amebeba dumu kichwani, akalitua, akasimama katikati ya nyumba.

"Upande wangu?" alimwambia baba. "Watu wetu wa Alego? Mama yangu amelima mpaka kaburini na vidole vyake vimenyooka kama mihogo! Upande wangu, Ogwang?"

Baba alisema, "Nilitaka kusaidia mutoto."

"Basi nenda ukaseme tena."

"Afande ameandika. Niende kusema nini? Kwamba niliongopa mbele ya foleni nzima? Mimi, nabakisha miezi mitatu?"

Mama alifungua mdomo. Nilingoja. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji mengine, na madumu yote yalikuwa yamejaa.

Nilikuwa nadhani mama yuko upande wangu. Sasa naona hana upande. Ana kipande cha sponji tu.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda mwenyewe. Nimeandika sentensi hii nikaisoma tena. Nilisimama nje ya hema mpaka foleni ikaisha, nikaingia, nikasema huku nikimtazama usoni: "Daktari, ni viatu. Sikuzaliwa hivi."

Hakushangaa. "Nilidhani hivyo," alisema. "Miguu ya kuzaliwa haijifunzi haraka vile. Lakini mzazi wako, askari, alijibu mbele ya watu, na mimi nikaandika jibu lake. Nikibadilisha kwa neno lako peke yako, kesho nitakuwa na foleni ya watoto wanaosema baba zao ni waongo. Mlete aje aseme mwenyewe. Neno moja tu linatosha. Tupo hapa mpaka Ijumaa adhuhuri."

Kutoka hemani hadi kwenye lango alikokuwa baba leo mtu anaweza kutupa jiwe likafika. Nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa barabarani.

"Nimesikia," alisema.

Alhamisi, 22 Mei

Baba alikuwa na mapumziko. Alikaa nyumbani. Alitengeneza mguu wa stuli ambao haukuwa umevunjika sana.

Nilipomletea chai nilikaa mbele yake, jambo ambalo sifanyi. Alikunywa. Nilijua anawaza nini, na nadhani alijua kwamba najua. Akisema kwa daktari "ni viatu", ataulizwa viatu gani, nani alivinunua, nani alivilowesha. Halafu kuna soksi zake. Atakuwa anasema habari za miguu minne.

"Kesho," alisema.

Ijumaa, 23 Mei

Nilipoamka baba alikuwa ameshaondoka. Gwanda halikuwepo msumarini. Mama alisema, "Alipiga buti rangi kabla ya adhana." Tulitazamana. Nilishindwa kula.

Mvua ilianza. Niliona nisiende, kwa sababu mtu mzima anayejishusha hapaswi kutazamwa na mtoto wake. Nilifanya mazoezi yote, mara mbili. Halafu nikashindwa, nikakimbia peku kwenye tope hadi uwanjani.

Hema lilikuwa linashushwa. Vijana walikuwa wanakunja turubai, maji yanamwagika kwenye mikunjo. Daktari Kulusum alikuwa anaingia garini. Aliniona akateremsha kioo.

"Nilimngoja," alisema. "Nimewachelewesha hawa."

Nilisema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Baba alirudi jioni, amelowa, anacheka. Alikuwa amebeba kuku wa kuchoma kwenye karatasi. Nyumba nzima ilinukia.

"Kaeni! Kaeni nyote! Nimekwenda mtaa wa Ntinda kwa Oduor, yule Mkenya wa supamaketi, nilimsaidia zamani akiibiwa. Nimesimama kwake tangu asubuhi mpaka amekubali. Amony anaanza Jumatatu! Kwa kaunta. Nguo wanatoa wao." Alikata paja akaliweka kwenye sahani yangu, kubwa kuliko yote. "Hakuna tope, hakuna jua. Kazi safi. Unavaa kiatu nyeusi ya kufunga, unasimama tu."

Mama alisema, "Mshukuru baba yako."

"Asante, baba," nilisema.

Alifurahi. Niliona jinsi alivyofurahi, kwamba alikuwa ametembea siku nzima katika mvua kwa ajili yangu, kwamba aliweza kumbembeleza mgeni tangu asubuhi hadi jioni, na kwamba lile hema lilikuwa njiani kwake, kwenda na kurudi.

"Sikuzaliwa hivi, baba."

Sauti ilitoka vizuri. Haikutetemeka. Hata mvua haikuifunika. Mama aliacha kupakua. Baba alishika mfupa wake mkononi, akautazama, akautazama sana, akauweka chini.

"Kula," alisema. "Chakula kinapoa."

Nilikula. Kilikuwa kimeshapoa.